Michezo ya Franck, kabla duka halijafungwa

Tarehe 1, mwezi wa tatu

Laurette mulamu wangu, unisamehe kwa kuchelewa. Mashini ndogo ya kompyuta yenye ulituma toka Kampala ilifika mbele ya Noeli, nzima, hata kioo hakikupasuka, na mpaka leo sikukuandikia hata neno. Uliniambia: "Nunua kaye, andika kila siku yenye iko na jambo, kisha piga foto ya kurasa unitumie, njo nitajua wapi pa kukusaidia." Kaye nilinunua. Ikakaa chini ya mto. Kila nikiifungua Clovis analia, au mvua inaingia upande wa kitanda, au minye mwenyewe nasinzia na biki mu mkono. Tulipomuzika kaka yako Franck huyu mtoto alikuwa hajajua kukaa. Sasa anatambaa na kula udongo.

Basi naanza. Na niseme kwanza kitu minye nataka, usisome ukijiuliza. Nataka nyumba yetu ya Kimanga. Si ile ya matofali, ile ziwa lilishakula na sisi wote tulisimama tukiangalia. Nataka ile Franck alijenga upya mu mchezo wa ku mashini, tofali kwa tofali, Chérie amekaa ku magoti yake anamukosoa: "Papa, hapana, jiko ilikuwa huku." Mwaka muzima walijenga. Kila siku baada ya masomo walikuwa wanaingia humo, wanafungua madirisha, wanazunguka. Tangu baba yake afe, Chérie anasema, "Mama, twende kwetu," na najua anataka kwenda wapi. Mashini ya Franck imefunikwa kitenge tangu mazishi. Kwenu chombo cha kazi cha marehemu hakiguswi mpaka kilio kiishe, weye unajua kuliko minye. Ndiyo maana nilikuomba yako.

Tarehe 4

Mvua tangu asubuhi. Hakuna umeme, hakuna rezo ya simu. Nimefua nguo za Clovis, hazikukauka.

Tarehe 9

Nilikuwa napita na beseni ya unga, Marcellin akaniita. Unamukumbuka, rafiki ya Franck, yule wa fotokopi karibu na soko, mwenye kusema sana.

"Mama Chérie, kuya hapa kwanza! Duka ya bwana yako inafunga."

"Duka gani? Franck hakuwa na duka."

"Ile ya ku internet, yenye alikuwa ananunua michezo. Imeandikia batu bote. Mwisho wa mwezi wa tano wanazima."

"Na vitu vya batu?"

"Ile duka ingine, yenye walikuwa wanapigana bei miaka yote, imekubali kupokea bakiriya, wanunuzi wa hii. Unaunga konti mbili, ya huku na ya kule, michezo inahama. Usipounga, basi."

"Basi nini?"

"Basi, mama. Sawa vile haukununua."

Laurette, minye nauza unga. Nikikupimia kilo, unaenda nayo, hata nikifa kesho ugali utakula. Hii biashara ya kununua kitu kikabaki kwa mwenye kukuuzia sikuielewa, hata Franck alipokuwa ananieleza. Yeye alikuwa anangojea siku za kupunguza bei, ananunua mumoja mumoja: wa magari, wa mpira, wa ndege, na ule wa kujenga. Nilikuwa nauliza, "Viko wapi?" Anaonyesha kidole juu na kucheka. "Viko huko. Hii mashini hata ianguke mu ziwa, hatupoteze kitu." Hilo neno nililishika. Mpaka leo ninalo.

Tarehe 15

Kilio kimeisha leo.

Walifika toka Bwegera na gari la mizigo, mama mukwe mbele na dereva, Gédéon na wengine nyuma ku magunia. Walileta muchele wao na kuku. Tulisali. Nilivua nguo nyeusi, wakaninyoa, mama mukwe akanipaka mafuta ku kichwa kwa mkono wake. Mpaka hapo yote yalienda vizuri.

Kisha kugawanya. Koti, viatu, saa ambayo haitembei. Nilijua mwisho watafika ku ile meza ya mashini. Baba yenu alipokufa jembe lake lilienda kwa Gédéon, kwa sababu ndiye mukubwa. Franck hakuwa na jembe. Mzee wa familia akasema mashini njo jembe ya Franck, na wote wakaitika.

Gédéon aliondoa kitenge polepole. Chérie akapita katikati ya watu wazima, akaweka mkono juu ya mashini.

"Baba mukubwa, hii ni ya papa."

"Njo maana naichukua, mama."

"Weye haujue kuiwasha."

Watu walicheka. Gédéon hakucheka. Aliinama, akamuangalia mtoto, akasema, "Ni kweli, sijue." Na akaichukua.

Laurette, ninakuandikia vile ninavyowaza, hata kama ni kaka yako. Nilimuona mutu mwenye tamaa. Mashamba ya muchele anayo, ng'ombe wake wanachungwa huko juu Rurambo, mashini kama hii ya nini? Ataiweka juu ya kabati, ataifunika kitambaa cha kufuma, ataonyesha wageni. Lakini sikugombana. Niliwaza: chukua, Gédéon, beba hilo boksi. Nyumba haiko humo. Nyumba iko juu.

Tarehe 16

Chérie hakula. Nimemuambia kwetu hakukupakiwa ku gari, kwetu iko juu. Aliangalia mabati muda mrefu.

Tarehe 24

Tumejaribu na Marcellin ku mashini yako. Adresi ya Franck ninayo, mo de pasi, neno la siri, ninayo, aliniambia akiwa hospitali, bila minye kumuuliza. Duka likafungua nusu ya mlango. Likasema: tumetuma kodi, tarakimu za siri za kufungulia, ku namba yako ya simu. Na ile namba ni ya Burundi. Ile ya wakati mlikaa wote wawili Bujumbura, weye unasoma, yeye anatengeneza simu za watu.

Kadi yenyewe ya simu niko nayo mu kopo la vifungo. Lakini hapa kwetu juu rezo ya Burundi haifike. Lazima kushuka Kavimvira, karibu na mpaka. Pale simu zinashika ya kwao, hata kama mpaka umefungwa.

Mvua imerudi. Nitangoja ipungue.

Tarehe 2, mwezi wa ine

Leo nimeenda. Clovis mgongoni, Chérie ameshika kitenge changu. Pale Kavimvira wako wamama wenye kuuza ndizi, wananiangalia ninavyozunguka na simu juu kama mwenye kukausha nguo.

"Mama, songa huku!" mumoja akaita. "Pale unashika Kongo tu. Huku chini ya ukuta njo Burundi."

Nilisonga. Niliweka kadi ya Franck. Simu ikasema kadi haitambuliki. Nikaitoa, nikaipangusa, nikairudisha. Ile ile.

"Umekaa bila kuweka inite ya kupigia simu siku ngapi?" yule mama aliuliza.

"Tangu mwenyewe afe. Na mbele yake."

"Pole. Huko ukikaa sana bila kuweka inite, namba wanaichukua, wanauzisha mutu mwingine."

Basi nikapiga ile namba na simu yangu, nione. Laurette, ililia. Nilisimama pale chini ya ukuta, namba ya Franck inalia sikioni kwangu, na mutu akapokea. Sauti ya mwanamke. "Allo? Ni nani?"

Nilikata.

Tarehe 3

Sikuuza leo. Nimemuogopa mutu simujue.

Tarehe 6

Nimepiga tena. Nilikuwa nimejipanga kuwa mkali.

"Weye ni nani, na namba ya bwana yangu umeipata wapi?"

"Ee mama, polepole! Namba nimeinunua Rugombo, na karatasi yake ninayo. Bwana wako sikumkuta ndani."

"Anaitwa Franck."

"Franck!" Akapaza sauti kama amepata mutu wa kwao. "Ego, ndiyo, Franck namjua. Namjua kwa kuchoka naye! Wananipigia watu: nipe Franck, simu yangu haishiki chaji. Nipe Franck, mwambie mashine imegoma tena. Bigirimana mume wangu ameshaniuliza, huyu Franck ni nani anayetafutwa kwako kila wiki? Sasa kwa kuwa wewe ndiye mkewe, mwambie awape watu namba yake mpya, mimi nilime kwa amani."

Sikuwa mkali tena.

"Alikufa," nilisema.

Nilisikia kuku wake.

"Yoo. Ihangane, pole mama. Na mimi watu wote nimewaambia ametoka kidogo, atarudi."

Anaitwa Inamahoro. Analima muchele huko ng'ambo ya Ruzizi. Nilimueleza habari ya duka, ya kodi, ya nyumba. Alisikiliza yote, kisha sauti yake ikabadilika. Akasema redio imewaambia, mutu akikuomba kodi yenye imeingia ku simu yako, huyo ni mwizi, hata akilia. Akasema atamuuliza Bigirimana.

Sikumukasirikia. Hata minye ningesema hivyo hivyo.

Tarehe 10

Bigirimana amekataa. Inamahoro aliniambia maneno yake yote: "Mwizi mwanamke mwenye mtoto mgongoni ndiye hatari kuliko wote."

Tarehe 13

Mvua. Ziwa limepanda tena, wale wa chini wanahamisha magodoro.

Tarehe 17

Clovis ana homa. Kituo cha afya, dawa, kurudi.

Tarehe 21

Inamahoro amenipigia yeye mwenyewe.

"Huyo mtoto mwenye nyumba yupo?"

"Yuko."

"Mpe simu."

Nilimupa Chérie. Sikusikia maswali, nilisikia majibu tu. "Eeh. Iko na vyumba viwili na sebule. Hapana, jiko iko inje. Papa aliweka mwanga ku jiko sababu minye naogopa. Kuku wetu wanalala mu jiko, lakini mu mchezo kuku wanatoka, hawajue kulala. Hapana, ziwa papa aliweka mbali. Nilimuambia ziwa ilikuwa karibu, akasema hii ya kwetu itakaa mbali." Alisema muda mrefu kuliko miezi yote tangu mazishi. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe, nikaacha.

Aliponirudishia simu, Inamahoro alikuwa anapenga kamasi.

"Mtoto hafundishwi uongo mrefu hivyo," akasema. "Jumapili, baada ya misa. Siku nyingine niko shambani na simu iko kwa jirani inachajiwa. Na Bigirimana atakaa hapa pembeni asikie kwa masikio yake."

Tarehe 27

Jumapili. Nilitoka kanisani moja kwa moja kwa Marcellin, hata kitambaa cha kichwa sikubadilisha.

Kodi inakufa upesi, haikungoje. Mara ya kwanza rezo ilianguka. Mara ya pili Inamahoro alisoma vizuri, Marcellin akaandika vibaya, nikamupiga ku bega.

"Mama Chérie, unanipiga na minye ndiye mwenye mashini!"

"Mashini ni ya Laurette. Andika."

Ku simu nilisikia mwanaume anacheka. Bigirimana. Mara ya tatu yeye mwenyewe ndiye alisoma, namba moja moja, na sauti kubwa kama mwenye kuhesabu magunia. Ikapita.

Kisha ikaja ukurasa ingine, ya lile duka jipya. Imeandika jina lote la Franck, na chini inauliza: Ni wewe? Vidude viwili vya kubonyeza, ndiyo na hapana.

Marcellin aliondoa mkono wake. "Bonyeza weye," akasema, na hakutania.

Mimi ndiye nilimufunga macho kaka yako, Laurette. Nilibonyeza ndiyo.

"Imekubali?" Inamahoro aliuliza.

"Imekubali."

"Sasa wakinipigia tena wanamtaka Franck, niseme nini?"

"Sema ukweli."

"Nitasema, lakini kwa upole," akasema. Na atafanya hivyo, namjua sasa.

Tarehe 4, mwezi wa tano

Michezo imeonekana kwa duka jipya. Yote. Chérie aliyasoma majina kwa sauti kama mwalimu anaita wanafunzi, na kila jina akajiitikia mwenyewe, "Iko!" Ule wa kujenga uko katikati. Sasa tunaushusha ku mashini. Mega za internet zinaisha, tunangoja, tunaanza tena.

Tarehe 9

Bado. Mvua ya mawe ilitoboa bati la jirani.

Tarehe 12

Bado kidogo. Chérie amefua robe yake ya misa, anasema hawezi kuingia kwetu na nguo chafu.

Tarehe 16

Mchezo umeshuka. Tulifungua baada ya masomo, saa ile ile yao.

Ulianza na ule muziki. Clovis akageuza kichwa, alikuwa hajausikia tangu alipokuwa mdogo kabisa, lakini aligeuza kichwa. Chérie alivaa ile robe. Alishika vidude vizuri, anajua kuliko minye. Kioo kikawa cheupe, kisha kikafunguka.

Majani. Majani matupu, mulima mumoja, mbuzi wawili wa mchezo wanatembea.

"Mama," Chérie akasema, "tumeingia kwa batu."

Nilisema labda. Akatembeza yule mutu wake mudogo. Alipanda mulima, akaangalia, akashuka. "Labda iko nyuma." Alivuka mto. "Labda iko ule upande." Nilikaa nyuma yake, Clovis ananyonya, na sikujua kama nimuambie aache. Alitembea sana. Mu mchezo jua linazama pia, Laurette, sikuwa nakumbuka. Lilianza kuzama, na yeye bado anatembea, anasema peke yake, polepole, "Papa aliweka mwanga ku jiko. Giza ikiingia nitaiona. Giza ikiingia tu."

Giza iliingia. Aliangalia pande zote nne. Hakukuwa na mwanga.

Alifunga mashini yeye mwenyewe. Alivua robe, akaikunja.

Tarehe 17

Nilikuwa kwa Marcellin kabla hajafungua mlango. Nilimueleza. Alikaa chini.

"Mama Chérie. Duka inahamisha mchezo. Kile mulijenga ndani, ile si ya duka. Ile inabaki ku mashini yenye mulijengea."

"Franck alisema yote iko juu."

"Michezo, ndiyo. Kuna mingine inapandisha hata kazi yako juu. Huu ni wa zamani, haujue hiyo. Sawa kitanda na matandiko yake. Umehama na kitanda, matandiko yamebaki."

Mbele ya kulia, niliruka. Kumbe nyumba haijapotea! Iko Bwegera, juu ya kabati ya Gédéon, chini ya kitambaa! Nilimupigia pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu kilio kiishe nilimuita vizuri, yaya, kaka mukubwa.

"Yaya Gédéon, ile mashini ya Franck iko?"

"Iko, mama Chérie. Iko salama. Niliiosha."

"Uliiosha namna gani?"

"Si unajua jembe ya marehemu lazima ioshwe kabla mukubwa hajailimia. Maji na majivu. Na hii niliuliza, wakaniambia maji itaiua. Nikaipeleka kwa fundi wa hapa Bwegera, nikamuambia, toa ndani yote ya mudogo yangu. Yote. Usiache hata kitu kimoja chenye kitamusumbua. Alifanya kazi siku nzima. Sasa iko safi kabisa, sawa mupya."

Alisema hivyo kwa furaha, Laurette. Kwa heshima. Alingoja nimushukuru.

"Umefanya vizuri, yaya," nilisema.

Marcellin aliongea na yule fundi baadaye. Huyo fundi alifuta, akaandika juu yake, akafuta tena. Hakuna kitu.

Tarehe 18

Leo hapana.

Tarehe 19

Nimemuambia Chérie. Sikumuzungusha. Nilimukalisha mbele yangu, nikamuambia nyumba imefutika, baba mukubwa hakujua, hata minye sikujua, na haitarudi.

"Hata tukimuuliza yule mama wa Burundi?"

"Hata tukimuuliza."

"Sasa papa alifanya kazi bure?"

Nilimuambia hapana. Aliniuliza kwa nini hapana. Nilimuambia aende kuteka maji.

Tarehe 25

Marcellin na mdomo wake alimuambia Gédéon yote. Leo Gédéon amefika, bila kutangaza, peke yake, mu mvua. Mashini ameikalisha ku magoti toka Bwegera mpaka hapa, amefunga ndani ya shuka la kitanda chake, yeye ndiye aliloa.

Nilimupa kiti, nilimupa chai. Hakunywa.

"Mulamu," akasema, "nilimuwaza mudogo yangu anafanya kazi ya batu hata akiwa mu udongo. Simu za batu, mashini za batu. Njo nikasema nimutolee yote, apumzike. Sikujua humo ndani kulikuwa nyumba yake."

Mwezi wa tatu nilikuandikia ni mutu wa tamaa. Usilifute, liache pale, lakini soma na hili. Ile mashini hakuiwasha hata siku moja. Aliichukua kama mutu anachukua mkono wa maiti.

Sikumuambia si kitu. Ni kitu. Nilimuambia, "Imeniuma sana, yaya, na itaniuma. Kunywa chai."

Chérie alikuwa mlangoni anasikiliza. Alimukaribia, akamuuliza kama polisi: "Baba mukubwa, sebule ya kwetu ilikuwa na ukubwa gani?"

"Wewe, unataka kujua ya nini?"

"Nijibu kwanza."

Gédéon ndiye alichimba msingi wa Kimanga na Franck, ulikuwa unajua? Minye sikujua. Mvua ilipopungua alitoka inje, akavua viatu, akatembea mu tope la parseli ya bailleur, mwenye kutupangisha, anaweka kisigino mbele ya vidole. "Toka hapa. Mpaka hapa. Hapa njo tulikuta jiwe, Franck akataka kulipasua, nikamuambia pindisha ukuta. Njo maana sebule yenu ilikuwa imepinda."

"Papa aliipinda hata mu mchezo!" Chérie akapiga kelele. "Nilimuambia amekosea!"

"Hakukosea," Gédéon akasema, na hapo ndipo alishindwa, akageukia ukuta.

Tarehe 26

Chérie ameanza kujenga mu mchezo. Amechagua pahali mbali na mto. Ukuta wa kwanza wa sebule umesimama, umepinda. Haikai kama ya baba yake. Yeye alikuwa na mkono mwepesi, sisi tunaweka tofali tunatoa, tunaweka tunatoa. Clovis alibonyeza kidude, tukapoteza mlango.

Tarehe 31

Duka la zamani limezimwa. Marcellin alinionyesha: ukurasa mweupe, maneno machache ya asante, basi. Michezo ya Franck yote iko kwa ile ingine, kwa jina lake, na ile inaamini yeye ni muzima.

Inamahoro alituma ujumbe: mutu mumoja amempigia anatafuta Franck, amemuambia, na yule mutu amelia. Nilimujibu asante.

Tarehe 2, mwezi wa sita

Mvua imekatika, vumbi limeanza. Laurette, nyumba ya Franck sitaipata tena, nimeacha kuitafuta. Hii ni ya Chérie, na Chérie hakubali kitu cha kubahatisha. Tukikosa kujua, anaacha shimo pale ukutani, na mashimo yamekuwa mengi. Gédéon ametuma vipimo vyote vya msingi. Yenye kubaki iko kwako na kwa mama yenu. Nitumie haya:

Foto ya ubatizo wa Chérie, ile padri amefumba macho. Si padri ninayemutaka, ni ukuta wa nyuma yake. Piga karibu, matofali yaonekane.

Foto yako na robe ya diplome, ya siku ulimaliza masomo, umeegemea jiko. Na uniandikie urefu wako, nitajua urefu wa jiko.

Umuulize mama: dirisha la upande wa ziwa lilikuwa la mbao au la chuma mbele Franck hajalibadilisha. Chérie anataka lile la kwanza.

Mupapayi: ulikuwa kushoto au kuume ukitoka mlangoni. Mumoja tu, ule wa pili ulikufa.

Rangi ya mlango mkubwa. Usiniandikie kijani, kijani ziko nyingi. Tafuta kitu chenye iko na ile rangi, kitambaa au karatasi, upige foto yake mchana, ku jua.

Sauti ya Franck usitume. Ninayo, na bado hatuwezi.

Na mlango wa chumba cha Chérie: ulikuwa unafungukia ndani au inje? Yeye anasema ndani, mpaka unagonga kitanda, na papa akiingia asubuhi kitanda kinatikisika, njo alikuwa anaamka. Minye sikumbuke, niliamka mbele yao siku zote, niko ku jiko. Weye ulilala humo likizo nzima. Tuma hiyo kwanza. Ameacha ukuta wazi anangojea.